Nani Alisema Jumamosi?

Aliyeisimulia habari hii kwanza ni Mokeira, mdogo wake Bosibori, Jumapili ya pili ya Desemba mwaka jana, jikoni kwa mama yao, huku akimenya ndizi za wageni. Wapo wanaosema ilitokea siku ya soko. Haikuwa siku ya soko. Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa Agosti, na Mokeira alikuwepo, ameketi juu ya gunia kando ya dada yake, akichambua mboga ya chinsaga. Mahali ni Riamosongo, kwenye barabara ya kutoka Ogembo kwenda Nyacheki, pale maduka yanapokwisha na majani chai yanapoanza. Mbele ya duka la Gulled kuna benchi lenye miguu mitatu ya mbao. Mguu wa nne ni jiwe la sabuni ambalo mchongaji mmoja alilikataa. Gulled huuza sukari, misumari na kahawa ya tangawizi, na benchi hilo wenyewe huliita Ofisi, ili mtu akipigiwa simu na mkewe na kuulizwa aliko, aseme ukweli.

Wafanyakazi wa Ofisi hiyo walikuwa watatu. Wa kwanza ni Ongeri, mume wa Bosibori, anayeitwa Katibu kwa sababu aliwahi kuwa katibu wa kamati ya mazishi na mpaka leo hajarudisha kalamu. Wa pili ni Ochoki, jina lake Satelaiti, mwenye bodaboda inayokaa kivulini kuliko inavyobeba abiria. Wa tatu ni Mzee Onsongo. Huyo aliitwa Wahenga, maana kila alilotaka kulisema aliwasukumia wahenga, na wahenga hawana namna ya kujitetea. Bosibori mwenyewe hakuwa wa benchi. Yeye alitandika gunia lake la ndizi upande wa pili wa mlango wa duka, karibu kiasi cha kusikia kila kitu na mbali kiasi cha kutoulizwa chochote.

Asubuhi hiyo gari la kaunti lenye vipaza sauti lilipita polepole likitangaza. Lilisema kwamba ule mpango wa kilimo na chakula sasa umeiva. Kwamba lori la kubeba ndizi za wakulima mpaka Nairobi, bila kupitia kwa mabroka, litasimama Riamosongo kila wiki. Kwamba afisa wa mipango atapita mchana huo kuonyesha mahali pa kusimama. Na kwamba lori litakuja kila Jumamosi, saa mbili asubuhi.

Watu wa benchi walipiga makofi. Bosibori hakupiga.

Ongeri alimtazama mkewe kwa pembe ya jicho na moyo wake ukashuka. Alijua ndizi zile zimetoka wapi. Mpango ulipotajwa mara ya kwanza, Bosibori ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akiwaambia wanawake wenzake wang'oe kipande cha mahindi wapande migomba ya miche ya maabara, kwa kuwa lori litakuja. Migomba ilizaa mpaka ikategemezwa kwa miti. Lori halikuja. Aliyekuja ni Ombui wa pikapu, broka, ambaye husubiri mpaka ndizi zianze kupata manjano ndipo ateremke, aangalie mawingu, na kutaja bei kana kwamba anawasaidia. Sasa lori lilikuwa linakuja kweli, na lilikuwa linakuja siku ya Sabato. Bosibori ni Msabato wa kweli. Siku ya Sabato hachanji kuni, hapigi pasi, sembuse kubeba mkungu wa ndizi barabarani mbele ya mzee wa kanisa. Na wanawake aliowashawishi, karibu wote ni wa kanisa lake.

Lakini kilichomwangusha Ongeri moyo zaidi ni jambo la pili. Yeye alimjua aliyesema Jumamosi.

Mwezi wa Mei kaunti iliitisha mkutano wa maoni ya wananchi uwanjani kwa chifu. Ulikuwa mkutano wa Jumanne asubuhi. Wanawake walikuwa kwenye majani chai, wamejifunga vikapu mgongoni. Benchi lilihudhuria lote, kwa sababu iliaminika kutakuwa na soda, na imani hiyo haikuwaangusha. Afisa, msichana mmoja wa kutoka Nairobi, aliuliza kwa sauti nzuri: «Wazee wangu, ni siku gani hapa kwenu watu hawaendi shambani?» Ongeri alisimama, akavua kofia, akasema, «Jumamosi!» Wakampigia makofi. Akaketi, akanywa soda yake kama mtu aliyejenga nchi.

Bosibori aligeuza kichane kimoja cha ndizi, akakigeuza tena.

— Nani alisema Jumamosi? akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Hilo ndilo lililomtisha Ongeri.

— Mama Mose, swali zuri, alisema Satelaiti, akivuta kikombe chake. Hilo ni swali la uchunguzi.

— Nyinyi mlikuwa kwenye mkutano.

— Tulikuwa, alisema Mzee Onsongo. Lakini wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

— Maana yake nini hapo, mzee?

— Maana yake tulikwenda, tukarudi.

Gulled alimimina kahawa kutoka kwa birika. Mtu wa dukani husikiza sana na kusema kidogo, lakini siku hiyo naye alikuwa na lake.

— Mimi najua tu kwamba lori lenyewe ni moja, alisema. Siku za kazi halina nafasi.

— Linafanya nini siku za kazi?

— Linabeba viti na mahema ya mikutano ya kuwauliza watu wanataka lori siku gani.

Walicheka, hata Mokeira nyuma ya chinsaga. Ongeri alicheka kuliko wote, akitumaini swali litazama humo ndani ya kicheko. Halikuzama.

— Nauliza tena, alisema Bosibori. Nani alisema Jumamosi?

— Mama, hebu nikufafanulie, alisema Satelaiti. Hii ni kazi ya mabroka, manze. Ombui amekula na mtu huko juu. Unaona, ikiwa lori ni Jumamosi, Wasabato hawaleti ndizi. Lori linarudi tupu. Kaunti inasema, aah, hawa watu hawana ndizi, toeni hili lori mpeleke Nyaramba. Ombui anabaki mfalme. Noma sana.

— Ombui hakuwa kwenye mkutano, alisema Bosibori.

— Ndiyo ujue ni mjanja! Mwizi mzuri haonekani mahali pa wizi.

— Kwa hiyo kutokuwepo kwake ndiyo ushahidi?

— Ushahidi kamili.

Mzee Onsongo alitikisa kichwa. Yeye alikuwa Mkatoliki, mzee wa kwaya, na alihisi jambo hili likielekea upande wake.

— Msije mkasema ni sisi, alisema. Wengine wameanza kunong'ona kwamba Wakatoliki ndio waliochagua Jumamosi ili wasiguswe Jumapili yao. Sisi hatukuomba chochote. Mimi nadhani ni watu wa Nairobi.

— Wamefanya nini watu wa Nairobi?

— Wao hula ndizi Jumapili mchana. Wakitoka kanisani, ndizi na nyama. Sasa ndizi iliwe Jumapili, lazima ifike Jumamosi jioni, na ifike Jumamosi jioni, lazima itoke hapa Jumamosi asubuhi. Samaki mkunje angali mbichi.

— Sasa samaki ametoka wapi, mzee? aliuliza Satelaiti.

— Angali mbichi, kijana. Kama ndizi. Ikiiva njiani, huikunji tena.

— Ndizi inakunjwa?

— Usinipotoshe.

Bosibori aliinua macho kwa mumewe.

— Baba Mose, umenyamaza leo. Katibu hana la kusema?

Ongeri alikohoa. Ndoa yao ilikuwa ya miaka mingi, na alijua kwamba Bosibori akimwita Katibu, mambo si mazuri. Akaamua kupeleka lawama mahali ambapo hakuna mtu atakayekwenda kuuliza.

— Ni kompyuta, alisema.

— Kompyuta?

— Siku hizi mpango hauandikwi na mtu. Wanaingiza kwenye kompyuta majina ya mahali pote, Ogembo, Nyacheki, sisi hapa, halafu kompyuta inagawa siku. Wenye sauti wanapewa Jumatatu, Jumanne. Sisi wa mwisho wa lami tukabakishiwa Jumamosi. Kompyuta haina dini. Haijui Sabato.

— Na haijui kuna wanawake waliopanda ndizi?

— Hiyo ndiyo shida ya kompyuta, mama Mose.

— Na wewe, ulikuwa wapi kompyuta ikikosea?

— Nilikuwa... nilikuwa nimeketi.

Hilo lilikuwa kweli kwa sehemu kubwa ya mkutano.

Satelaiti aligonga goti. Wazo lilikuwa limemjia na alikuwa mtu asiyeweza kukaa na wazo peke yake.

— Katibu, uko karibu, lakini hujafika. Sio kompyuta tu. Ni picha za juu. Kuna vyombo vinapita huko angani vinapiga picha mashamba ya dunia nzima. Wanaangalia nani analima, nani amelala. Sasa chombo cha hapa Gusii, mimi nawaambia, kinapita Jumamosi.

— Unajuaje?

— Jina langu nani?

— Satelaiti.

— Basi. Kinapita Jumamosi, kinaangalia chini: hakuna jembe, hakuna kikapu cha majani chai, hakuna moshi wa jikoni hata. Watu wote hawaonekani, wako kanisani, paa limewafunika. Mzungu anaangalia picha anasema, hawa watu mbona hawafanyi kitu? Wapewe lori, wapate shughuli!

Ongeri alihisi jasho likimtiririka mgongoni, kwa maana Satelaiti, kwa kupitia angani, alikuwa amefika karibu sana na uwanja wa chifu.

— Huo ni uongo mtupu, alisema Ongeri haraka.

— Mbona umekasirika, mzee? Mimi nimesema kuhusu chombo.

Mzee Onsongo aliweka kikombe chini. Alipoweka kikombe chini, ilijulikana kwamba linakuja jambo zito.

— Nyote mnaangalia mbali, alisema. Hili ni jaribu. Mnaijua bustani ya Edeni?

— Tunaijua, alisema Bosibori.

— Tunda lile lilikuwa ndizi.

— Mzee!

— Ngoja. Biblia imesema ni tunda gani?

— Haikusema, alikubali Bosibori.

— Haikusema kwamba haikuwa ndizi. Sasa nijibu: walipojua wako uchi walijifunika nini?

— Majani ya mtini.

— Umewahi kuliona jani la mtini? Halifuniki kiwiko. Lakini jani la mgomba! Jani moja la mgomba linafunika Adamu, linafunika Hawa, linabaki la kufunikia sufuria. Walioandika walikosea mti. Sasa ndizi ileile, na siku ileile ya mapumziko, vimeletwa pamoja kwa lori. Wahenga walisema, penye miti hakuna wajenzi. Mgomba si mti. Kwa hiyo wajenzi wapo, na ndio hao wametujengea mtego.

Gulled alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kikoi chake.

— Wallahi mzee, ungekuwa shehe tungefunga msikiti tukusikize.

— Mimi ni mzee wa kwaya, alisema Onsongo kwa heshima. Nina mipaka.

Bosibori peke yake ndiye hakucheka. Alichukua kichane kimoja, akakionyesha benchi zima. Ncha za ndizi mbili zilikuwa zimeanza kupoteza ukijani.

— Hiki mnakiona? Hizi zilikuwa za kukatwa wiki jana. Nilizingoja kwa sababu ya lori. Mama Kwamboka amezingoja zake. Tryphosa amezingoja, na Tryphosa mtoto wake ako fomu tatu. Mimi ndiye niliwaambia wang'oe mahindi. Mwaka huu hawana mahindi na Jumamosi hawatakuwa na lori. Wakija kwangu wakiniuliza, nitawaambia ni chombo cha angani? Nitawaambia ni Hawa?

Hapo benchi liliona haya. Onsongo alikunja miguu. Satelaiti akazima redio ya simu yake, ingawa haikuwa ikisema chochote.

— Basi tubadilishe siku, alisema Ongeri, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alisema jambo alilolimaanisha. — Afisa anakuja mchana. Tumwambie tunataka siku nyingine. Sisi ni Ofisi. Tukubaliane siku moja, tuseme kwa sauti moja.

— Hapo umenena, alisema Satelaiti. Jumapili.

— Jumapili ni misa, alisema Onsongo. Misa ya kwanza, misa ya pili, halafu mazoezi ya kwaya.

— Ijumaa.

— Ijumaa adhuhuri nafunga duka naenda Kisii kuswali, alisema Gulled. Na mkeo, Katibu, Ijumaa ni siku yake ya maandalizi. Jua likizama Sabato imeingia. Lori likikwama matopeni Nyacheki likafika jioni?

— Alhamisi, basi.

— Alhamisi watu wanazika, alisema Onsongo. Hapa kwetu Alhamisi ni ya mazishi. Mtu ukifa vizuri, unazikwa Alhamisi.

— Jumatatu!

— Jumatatu, alisema Satelaiti taratibu, mimi bado niko na uchovu wa wikendi.

— Uchovu wa kazi gani, wewe?

— Si lazima uchovu uwe wa kazi, mzee. Uchovu ni uchovu.

— Jumanne?

— Jumanne ndiyo siku ya mikutano ya kaunti, alisema Ongeri. Tukiwa kwa lori, nani atakwenda mkutanoni?

Walitazamana.

— Jumatano, alisema Gulled.

— Jumatano ni katikati mno, alisema Mzee Onsongo.

— Katikati ina ubaya gani?

— Mtu hawezi kuanza katikati. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Hakuna aliyemwuliza maana. Walikuwa wamefika Jumatano na wiki ilikuwa imewaishia.

Ndipo gari dogo jeupe la kaunti likasimama mbele ya duka, na mlango ukafunguka. Aliyeteremka ni yule msichana wa mwezi wa Mei. Jina lake Phanice. Baba yake ni mtu wa Nyamira, lakini yeye alizaliwa na kusomea Nairobi, na Gusii alikuwa akiijua kwa matanga tu: anakuja usiku, watu wanalia, anarudi asubuhi. Alikuwa amevaa buti za mpira zilizomzidi na amebeba kigingi cha mbao cha kupigilia ardhini.

Ongeri aliinua kikombe na kuuficha uso wake nyuma yake. Kikombe cha kahawa ni kidogo sana. Kilimficha pua.

— Shikamooni wazee, alisema Phanice. Halafu uso wake ukang'aa. — Ah! Mzee wa Jumamosi! Hujambo? Nimekukumbuka.

Mokeira husema kwamba hapo chinsaga ilimponyoka mkononi. Satelaiti alimgeukia Ongeri. Onsongo alimgeukia Ongeri. Gulled alijifanya anatafuta kitambaa. Bosibori hakugeuka; alikuwa akimwangalia mumewe tangu mlango wa gari ulipofunguka, na labda tangu asubuhi.

— Marahaba, madam, alisema Ongeri ndani ya kikombe.

— Mnamjua huyu? Phanice aliuliza kwa furaha. Siku ile alinisaidia sana. Kila mahali nikiuliza swali watu wananipa hotuba. Yeye alisimama akanijibu neno moja. Nikasema, hapa nimepata watu makini.

— Ulimwuliza nini, mwanangu? Bosibori aliuliza kwa upole.

— Niliuliza siku ambayo watu hawaendi shambani, mama. Ndiyo wapate nafasi ya kuleta ndizi.

— Naye akakujibu.

— Jumamosi. Na wote wakapiga makofi.

Bosibori alimwangalia mumewe. Ongeri akaona hakuna tena mahali pa kupeleka uso, akaushusha ukaonekana wote.

— Lakini nilisema ukweli, alisema. Mama Mose, wewe mwenyewe, Jumamosi unaenda shambani?

— Siendi.

— Kuna Msabato anaenda?

— Hakuna.

— Sasa nilidanganya wapi?

— Hukudanganya, Baba Mose. Ulimwambia kwa nini hatuendi?

— Hakuniuliza.

— Sikumwuliza, alisema Phanice polepole. Alitazama barabara juu na chini, akauona msalaba wa kanisa moja na bango la kanisa la pili na la tatu, mabango ambayo alikuwa ameyapita akija huku akiangalia matope tu. — Ngoja. Ni Sabato?

— Ni Sabato, mwanangu.

— Wote?

— Waliopanda ndizi, karibu wote.

Phanice aliketi juu ya ukingo wa benchi bila kuombwa. Mguu wa jiwe ulilia.

— Na hawa waliopiga makofi?

— Hawa hawakupanda.

Hapo Satelaiti alijaribu kueleza habari ya chombo cha angani, lakini Gulled akampa kahawa, akanyamaza. Phanice alifuta uso kwa kiganja. Alikuwa msichana, lakini hakuwa mpumbavu, na heshima yake ni hii: hakumlaumu mzee.

— Basi mimi ndiye niliyekosea swali, alisema. Niliuliza siku ambayo hamfanyi kazi, na kupeleka ndizi kwenye lori ni kazi. Wacha niulize upya, vizuri. Mpango unafungwa jioni ya leo, kwa hivyo nipeni jibu niondoke nalo. Akawageukia wale watatu mmoja mmoja. — Wazee wangu, ni siku gani nyinyi huwa shambani?

Lilikuwa swali jepesi.

Mtoto angelijibu. Satelaiti aliangalia simu yake, akakumbuka haina moto. Ongeri alichungulia ndani ya kikombe chake. Mzee Onsongo aliinua kidole, na wote wakamngojea, na Mokeira anaapa kwamba aliona midomo ya mzee ikitafuta, ikizunguka kwa wahenga wote tangu wa kwanza mpaka wa mwisho, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakumpata hata mmoja. Kidole kikashuka kikaingia mfukoni.

Gulled aliinua birika, akaliinamisha juu ya kikombe cha Ongeri. Likatoka tone moja, na vipande vya tangawizi.

— Imekwisha, alisema.

— Usiwaulize hao, mwanangu, alisema Bosibori. Utachelewa. Njoo uulize huku.

Phanice aliinuka na kigingi chake, akavuka mlango wa duka, akachuchumaa mbele ya gunia la ndizi. Bosibori alimwambia Jumatano. Alimwambia kwamba majani chai ya upande wao huchumwa Jumatatu na Jumanne, na Jumanne wakirudi kutoka kituo cha majani chai ndipo wanawake hukata ndizi, jioni, jua likiwa limepoa, zilale uani kwenye umande. Jumatano asubuhi ziko barabarani na utomvu wake haujakauka. Alhamisi kuna mazishi, Ijumaa ni maandalizi. Mokeira aliongeza kwamba saa mbili ni mapema, watoto hawajaenda shule, iwe saa tatu.

— Na mkutano mwingine, alisema Bosibori, usiuitishe kwa chifu Jumanne. Uitishe hapa kwenye ndizi. Soda hatutaki.

— Soda tunataka kidogo, alisema Mokeira.

Phanice alipiga simu papo hapo, akabishana na mtu kwa Kiswahili cha Nairobi, akabishana tena, halafu akakata, akasema Jumatano imekubaliwa, mahema yatangoja. Alikwenda ukingoni mwa barabara kupigilia kigingi cha mahali pa lori. Ardhi ya hapo ilikuwa ya kokoto, ngumu. Bosibori aliita, si kwa sauti kubwa:

— Baba Mose.

Ongeri aliinuka kutoka kwenye benchi. Benchi lilipoteza uzito upande huo, nalo likamwinamisha Onsongo. Akachukua jiwe, akapigilia kigingi mpaka kikasimama imara, na aliporudi kuketi aliona mkewe ameketi mahali pake, amenyoosha miguu, akinywa kahawa ambayo Gulled alikuwa amedai imekwisha.

Lori lilikuja Jumatano iliyofuata, saa nne badala ya saa tatu, na limekuwa likija. Ombui wa pikapu bado hupita, na sasa hataji bei akiangalia mawingu.

Waliokuwa pale siku hiyo karibu wote wapo. Mzee Onsongo ndiye aliyetangulia, mwezi wa Machi mwaka huu. Hakuzikwa Alhamisi kama alivyopenda. Padri alikuwa na Jumatano tu. Lori lilimngoja mpaka watu wakatoka mazikoni, na wanawake wakapakia ndizi wakiwa na nguo za matanga. Ndiyo siku pekee lilipochelewa kwa sababu yetu, wala si kwa sababu yake lenyewe. Gulled yuko hai, anauza kahawa. Ochoki yuko hai; hubeba mikungu kwa bodaboda kila Jumatano na kusema ni yeye aliyeleta lori. Phanice yuko hai, amehamishwa ofisi nyingine. Mokeira na Bosibori wako hai. Ongeri yuko hai pia, bado anaketi Ofisini, na mtu yeyote wa kaunti akimwuliza swali, hata la njia ya kwenda Nyacheki, humwangalia kwanza mkewe.